Mpunga wa dhahabu wa Tam Coc: twende mwezi wa pili au wa tano?

"Dada habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa korosho hapa Mtwara, nina miaka 58. Mnunuzi wetu wa Vietnam kanialika nikaone kiwanda chake upande wa Saigon, kanipa nafasi mbili nichague mwenyewe, mwisho wa mwezi wa pili au mwisho wa mwezi wa tano. Mwaka huo tunatimiza miaka 30 ya ndoa, nimeona nimchukue mke wangu, tukimaliza kazi tukapumzike siku mbili hoteli ya shamba, zile za Ninh Binh zenye mpunga wa rangi ya dhahabu na milima ya mawe imesimama nyuma. Kijana wangu kanionyesha picha za hoteli moja, mpunga umefika mpaka chini ya dirisha. Ninachoogopa ni mbu wa malaria maana ni majarubani, na nyoka, halafu mke wangu ana presha na magoti yanamsumbua, anatumia diclofenac mara kwa mara. Sisi ni Waislamu, chakula je? Na kutoka Saigon kwenda huko kwa gari ni mwendo gani, maana nimeambiwa ni karibu. Nisaidie dada, nisije nikampeleka mama watoto mahali tukajuta."

Shikamoo kaka yangu, na wifi yangu mfikishie salamu, miaka 30 si mchezo, hongereni sana. Swali lako nimelisoma mara mbili na ninavyokuelewa hofu yako kubwa si nyoka wala mbu, hofu yako ni kumtoa mama watoto Mtwara mpaka huko mbali kote halafu mfike mkute kitu kingine kabisa, sio kile cha kwenye picha. Hofu hiyo ina msingi. Mimi kazi yangu ni kupanga safari za watu wetu kwenda Asia, na malalamiko ninayopokea sana kuhusu Ninh Binh ni hayo hayo, mtu anasema dada mbona mpunga haupo.

Kwanza nikutoe kwenye hilo la Saigon. Aliyekwambia ni karibu kakudanganya, au yeye mwenyewe hajawahi kufika. Viwanda vya korosho vingi viko kusini, Saigon na mkoa uliokuwa ukiitwa Binh Phuoc, na Ninh Binh iko kaskazini, chini kidogo ya Hanoi. Kwa reli kutoka Saigon ni zaidi ya kilomita 1,600, treni inakula zaidi ya siku nzima njiani, kwa magoti ya wifi hapana. Mnachofanya ni kupanda ndege Saigon mpaka Hanoi, saa mbili hivi angani, mkitua uwanja wa Noi Bai mnachukua gari moja kwa moja mpaka Ninh Binh, ni kama saa mbili na nusu barabara nzuri. Ukitaka kulala Hanoi usiku mmoja kwanza, kesho yake kuna treni ya mchana, saa mbili na kitu umefika, na dirishani unaona mashamba njia nzima. Mimi nawashauri mlale Hanoi, sababu nitakupa nikifika kwenye chakula.

Sasa tuje kwenye picha. Kaka, ile picha ya kijana wako sio ya uongo, ni ya kweli kabisa, ila ni picha ya wiki mbili tatu katika mwaka mzima. Mimi mwenyewe nilinaswa hapo safari yangu ya kwanza. Nilikuwa nimebuku hoteli ndogo nje kidogo ya Tam Coc, hapo hapo Ninh Binh, picha zao mpunga wa njano mpaka ukutani, nikafika mwezi wa saba usiku, asubuhi nikafungua pazia kwa hamu, nikakuta maji. Maji matupu yametulia, mabua yamechomoza juu kama ndevu za mzee, na bata wanapita katikati. Nikashuka mapokezi nikauliza shamba liko wapi, yule binti akanionyesha kwa kidole palepale kwenye maji, akaniambia tulivuna mwezi wa sita. Nilikasirika, nakiri, lakini kesho yake nilianza kuuliza maswali ndio nikaelewa, na kitu hicho ndicho nataka na wewe ukielewe kabla hujalipa hata senti.

Milima ile ni ya mawe ya chokaa. Zamani sana pale palikuwa chini ya bahari, chokaa ikajilundika, baadaye ardhi ikainuka, na mvua ikaanza kazi yake. Maji ya mvua yanaposhuka yanachukua hewa ya ukaa kidogo angani na mingine zaidi kwenye udongo, yanakuwa na ukali kidogo sana, ulimini huusikii, lakini kwa jiwe la chokaa unatosha kulila taratibu kwa miaka mamilioni. Maji yanaingia kwenye ufa, ufa unakuwa tundu, tundu linakuwa pango, pango likizeeka paa linaanguka, kinachobaki kimesimama ndio hiyo milima yenye kuta zilizonyooka unayoiona. Kama uliwahi kufika mapango ya Amboni pale Tanga basi umeiona kazi hiyo hiyo ya maji na chokaa, tofauti ni kwamba Ninh Binh imeendelea mpaka eneo zima limebaki vipande vipande, na katikati ya vipande kuna mabonde tambarare kama sinia. Ukiwa kwenye mtumbwi tazama chini ya ukuta wa mlima, utaona jiwe limeliwa kwa ndani kama mtu kalimega, mengine ya hiyo mikato ni alama za zamani bahari ilipofika mpaka pale.

Sasa hayo masinia ndio majaruba. Na sinia likijaa maji halina pa kuyamwagia isipokuwa kwenye mto na kwenye yale mapango yanayopita chini ya milima. Kwa hiyo mvua kubwa zikianza mwezi wa sita, saba, nane, maji yanaingia kwa kasi na kutoka polepole. Sehemu nyingine za kaskazini ya Vietnam mkulima anavuna mpunga mara mbili kwa mwaka, lakini mabonde ya chini ya pale Tam Coc kando ya mto Ngo Dong wanategemea msimu mmoja, basi. Wanapandikiza miche mwezi wa kwanza na wa pili, jirani na mwaka mpya wao wa Tet. Mwezi wa tatu na wa nne shamba ni kijani kibichi. Mwisho wa mwezi wa nne mashuke yanatoka, punje ukiibinya inatoa maji meupe kama maziwa, halafu ndani ya mwezi mmoja hivi mmea unahamisha chakula chake kutoka kwenye jani kwenda kwenye punje, jani linapoteza ukijani, na hiyo ndiyo dhahabu yako kaka. Inaanza katikati ya mwezi wa tano, inakolea wiki ya mwisho, na mwanzoni mwa mwezi wa sita wanavuna harakaharaka kabla maji hayajapanda. Wengine wanavuna kwa mundu na kupakia mpunga kwenye mitumbwi kabisa, unapishana nao mtoni. Mwaka wenye baridi ndefu mpunga unachelewa wiki moja au mbili, kwa hiyo hata hiyo kalenda si ya kuapia.

Baada ya hapo ni maji, mabua yanayochipua tena kidogo, na sehemu nyingine wanapanda yungiyungi. Ni pazuri pia, nakwambia kweli, ila sio picha uliyoiona.

Kwa hiyo nafasi zako mbili za mnunuzi ni safari mbili tofauti, sio safari moja yenye tarehe mbili. Mwisho wa mwezi wa pili utakuta miche midogo ya kijani imesimama kwenye maji, milima inajiona mara mbili, juu na chini, na ukungu umezunguka vilele. Inapendeza sana kwa mtu anayependa utulivu. Lakini kuna dhana moja naikuta kwa watu wetu wote, eti Vietnam ni joto mwaka mzima kama Dar. Kusini ndio, Saigon utavaa shati la mikono mifupi, ila kaskazini wana baridi kaka. Mwezi wa pili mchana unaweza kuwa nyuzi 16 mpaka 20, na siku hewa ya baridi ikishuka kutoka China inafika nyuzi 10 hivi, na vile vibanda vya mianzi na makuti vingi havina cha kupasha joto, unalala na soksi. Ile hewa ya baridi ikipita juu ya bahari inabeba unyevu, inakuletea manyunyu mepesi siku nzima, hayakuloweshi mara moja lakini nguo hazikauki. Na kuna siku joto kidogo la kutoka baharini linakutana na sakafu iliyopoa, vigae vinatoka jasho, ukuta unatoka jasho, kila kitu kinateleza. Nakutajia hili kwa sababu ya magoti ya wifi, sakafu ya vigae iliyolowa ni hatari kwake kuliko nyoka yeyote. Halafu mwezi wa pili baada ya Tet ni msimu wa kuhiji mahekalu, pagoda ya Bai Dinh inafurika watu.

Mwisho wa mwezi wa tano utakuta dhahabu. Na joto. Sio joto la Mtwara lenye upepo wa bahari, ni joto la bondeni lililozungukwa na mawe, nyuzi 34, 36, siku mbaya 38, na unyevu juu yake, jioni radi. Watu nao wanakuwa wengi, maana Wavietnam wenyewe wanakuja kupiga picha, huwa kuna na sherehe za utalii kipindi hicho hicho cha mavuno.

Ungekuwa huru kabisa ningekwambia njoo kati ya tarehe 5 na 20 za mwezi wa nne, kijani kimejaa, joto la kadiri, mvua bado, na uwahi kuondoka kabla ya sikukuu yao ya tarehe 30 Aprili maana hapo nchi nzima inasafiri. Jaribu kumwomba mnunuzi, wenye viwanda huwa wanaelewa. Akikataa, mimi ningechagua mwezi wa tano, kwa sharti moja, mlale usiku 4 sio 2. Sababu ni kwamba kwenye joto lile saa za kufurahia ni alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi jioni, katikati hapo mnalala, mnaogelea, mnakunywa chai. Ukienda siku mbili utajilazimisha kutoka saa sita mchana kwa sababu muda hautoshi, na hapo ndipo wifi ataumwa. Saa hizo za mchana ndizo pia mabasi ya watalii wa siku moja kutoka Hanoi yanapojaa, wanafika saa nne wanaondoka saa tisa. Jua likishuka pale panabaki penu na wenyeji na vyura. Faida ya kulala hotelini pale ni hiyo, mtu wa siku moja hawezi kuipata hata alipe kiasi gani.

Kuhusu hoteli yenyewe. Usichague kwa picha ya hoteli, chagua kwa ramani. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, tazama kitanda chenu kimekaa wapi. Tam Coc katikati kuna barabara ya mikahawa na baa, inapendeza lakini usiku kuna muziki na karaoke, hutakuwa umepumzika. Mimi huwa nawaweka watu wa umri wenu kwenye vijiji vya pembeni, njia ya kwenda Bich Dong au upande wa Hang Mua, kilomita mbili tatu kutoka katikati, hapo majaruba yako mlangoni kweli. Na kuna jambo jipya, tangu Julai 2025 mkoa wa Ninh Binh umeunganishwa na Ha Nam na Nam Dinh, kwa hiyo hoteli inaweza kuandika Ninh Binh na ni kweli iko Ninh Binh, lakini iko mbali huko hakuna mlima hata mmoja. Tafuta neno Tam Coc au Trang An kwenye anwani.

Kabla hujalipa waandikie ujumbe uwaulize vitu hivi, na waombe jibu la maandishi: mpunga wa mbele ya chumba umepandwa mwaka huu au shamba limelala? Nitumieni picha mliyopiga leo, sio ya kwenye tangazo. Chumba kiko chini au kuna ngazi? Choo ni cha kukaa? Kiyoyozi kipo? Kuna ujenzi jirani? Hoteli nzuri inakujibu siku hiyo hiyo na picha ya simu imepigwa ovyoovyo, hiyo picha ya ovyo ndiyo ya kuiamini. Chumba cha heshima cha watu wawili, safi, chenye kiyoyozi na kifungua kinywa, huwa nakipata kati ya dola 25 na 50 kwa usiku, ukitaka bwawa na kibanda cha peke yenu panda juu kidogo. Mwambie wifi pia kwamba asubuhi na mapema kijijini vipaza sauti vya serikali ya mtaa vinaweza kuanza matangazo, asishtuke.

Sasa magoti. Pale kuna kitu kinaitwa Hang Mua, ile picha ya ngazi zinazopanda mlimani na joka la mawe juu, ni ngazi kama 500, zimesimama na hazilingani urefu. Wifi asiende. Wewe nenda mwenyewe alfajiri yeye akiwa kalala, saa moja na nusu umerudi. Kinachowafaa wote wawili ni mtumbwi, na hapa watu wanachanganya sana, mitumbwi ni ya aina mbili. Trang An, ambayo pamoja na Tam Coc iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2014, ni saa mbili na nusu mpaka tatu, mapango mengi, mengine dari iko chini inabidi uiname mpaka kichwa kiguse magoti, na mpunga pale karibu huuoni. Tam Coc ni saa moja na nusu mpaka mbili, mapango matatu tu, jina lenyewe maana yake ndio hiyo, na mto unapita katikati ya mpunga kulia na kushoto. Nendeni Tam Coc, saa moja asubuhi. Bebeni mto mdogo wa kukalia kutoka hotelini maana kiti cha mtumbwi kiko chini na miguu inanyooka mbele muda wote.

Na tazama mtu anayewapigia kasia. Wengi ni akina mama wa makamo, mara nyingi hawatumii mikono, wanaegemea nyuma, nyayo wameziweka kwenye mipini ya makasia na wanasukuma kwa miguu kama mtu anayekanyaga cherehani, taratibu, huku mikono inamenya tunda au imeshika mwavuli. Mkiingia pango la kwanza, Hang Ca, mita 127, baridi inawapokea ghafla, sauti zote zinakatika unasikia kasia na tone moja moja likidondoka kutoka darini, mojawapo litakupata shingoni. Mkitoka upande wa pili mwanga unarudi na mpunga uko hapo. Mimi nimepita mara nyingi na bado napenda ile dakika. Mkifika mwisho mtauziwa vitambaa vya kudarizi, kijiji cha pale Van Lam wanadarizi tangu enzi za mababu, kama kitambaa kizuri nunua, kama hutaki sema hapana kwa upole, na mwisho wa safari mpe mama wa kasia chochote, anastahili. Ila angalia noti kaka! Noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya bluu, moja haifiki hata dola moja na nyingine ni karibu dola 20, kwenye mwanga hafifu watu wanachanganya kila siku. Zitenge mifuko tofauti.

Tuje kwenye mbu, na hapa naomba usome polepole. Malaria sio shida ya eneo lile, Hanoi haimo kwenye maeneo ya malaria ya Vietnam, na bonde la mto Mwekundu, ambamo Ninh Binh imo, ni nadra sana. Wasiwasi wa pale ni homa ya dengi, ambayo Dar tuliiona 2014 na 2019, na mbu wake anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haitoshi, mnajipaka dawa na kuvaa nguo ndefu nyepesi mkiwa nje. Kuna na ugonjwa wa virusi vya ubongo unaobebwa na mbu wa majarubani, kwa safari fupi hatari ni ndogo lakini chanjo ipo, muulizeni daktari.

Lililonifanya nikuandikie kwa urefu ni ile diclofenac. Kama wifi atapata homa akiwa kule au wiki mbili baada ya kurudi, asiguse diclofenac, wala ibuprofen, wala aspirini ya maumivu, mpaka daktari aseme sio dengi. Dengi inapunguza chembe zinazogandisha damu, na dawa hizo zinaongeza hatari ya kutokwa na damu. Atumie paracetamol kwa kipimo, maji mengi, na aende hospitali. (Kama daktari wake alimwandikia aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo, hiyo asiiache mwenyewe, amuulize daktari.) Upande mwingine wa jambo hili watu hawaufikirii: homa ikiwapata mkiwa Vietnam inaweza kuwa malaria mliyotoka nayo Mtwara, inakuwa imejificha mwilini tangu nyumbani. Daktari wa kule hataiwaza, hana sababu. Mwambieni mara ya kwanza kabisa, tunatoka Tanzania, tupime malaria. Andikeni kwenye karatasi kwa Kiingereza muikunje na pasipoti. Homa yoyote inayozidi siku moja, au maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu, hapo mnaenda hospitali usiku huo huo msingoje asubuhi, na hospitali kubwa ziko Hanoi.

Presha nayo. Diclofenac yenyewe inaweza kupandisha presha na kusumbua figo, hasa ikichanganywa na vidonge vya presha vya kukojoza, na joto la mwezi wa tano likiongezeka juu yake mtu anakauka maji bila kujua. Mimi ni mtu wa safari sio daktari, kwa hiyo hili ninakuomba mlimalize ana kwa ana, mwezi mmoja kabla ya safari mpeleke kwa daktari wake na vidonge vyote mkononi, muelezeni mnaenda kwenye joto gani, yeye ndiye atasema dozi ibaki, ibadilike, au dawa ya magoti iwe nyingine. Daktari akisema joto lile halimfai, basi chagueni mwezi wa pili mbebe masweta, na dhahabu muiache.

Nyoka wapo, shamba lolote la mpunga lenye panya na vyura lina nyoka, ila mgeni kuwaona ni nadra. Usiku mtembee njia kuu na tochi na viatu vya kufunika, msikatize kwenye matuta ya majaruba gizani. Na mchana msiingie kwenye tope peku kwa ajili ya picha, hasa mwenye kidonda mguuni. Ile homa ya mgunda iliyotokea jirani zenu Ruangwa, Lindi, mwaka 2022, inapatikana kwenye maji yenye mkojo wa panya popote duniani, na majaruba ni pake.

Chakula. Ninh Binh Waislamu ni wachache mno, msitegemee kukuta hoteli ya halali. Sifa ya pale ni nyama ya mbuzi wa milimani, mtaiona kila kona, lakini uchinjaji sio wetu, na mafuta ya nguruwe wanayatumia jikoni kawaida. Njia ninayowapa wateja wangu Waislamu ni neno moja, chay. Ni chakula cha Mabudha wasiokula nyama, mkahawa ulioandika chay hauna nyama wala mafuta yake, ukiwa hoteli mwambie mpishi chay akupikie mboga, tofu na wali. Mayai ya kuchemsha, matunda, samaki wa kuchoma mbele yako kwenye jiko safi, mnaishi vizuri tu siku nne. Na ndiyo sababu nimesema mlale Hanoi kwanza, pale mtaa wa Hang Luoc kuna msikiti wa Al-Noor, ulijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwaka 1890, mtasali, mtauliza wenyeji pa kula, na mtanunua vya kubeba.

Kuna kitu kimoja cha pale lakini lazima mkionje, wanakiita com chay. Matamshi yake yanakaribia kufanana na lile neno la mboga lakini si kitu kimoja kaka, hiki ni ukoko. Ukoko wa wali, ule ule tuliokuwa tunagombania chini ya sufuria, wao wameufanya chakula cha heshima cha mkoa, wanaukausha juani halafu wanauchovya kwenye mafuta ya moto unaumuka, ukiuma unalia kama bisi. Wa mkahawani wanaumwagia mchuzi wa mbuzi na ule wa pakiti mara nyingi umenyunyiziwa nyuzi za nyama ya nguruwe juu, kwa hiyo muombe mtupu, na muulize umekaangwa kwa mafuta gani. Nikiwa na mama mmoja wa Kilwa pale aliuvunja kipande akaunusa, akacheka, akasema huu ni wa mwisho wa sufuria ya bibi yangu.

Viza kama mnunuzi anakushughulikia wewe tu, kumbuka wifi anahitaji yake. Kuanzia Agosti 15, 2023 viza ya mtandaoni ya Vietnam iko wazi kwa raia wa nchi zote, mpaka siku 90, ya kuingia mara moja ni dola 25. Ombeni kwenye tovuti ya serikali yao, anwani inayoishia gov.vn, zile nyingine zinazofanana nayo zinakutoza mara tatu. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama pasipoti.

Mwandikie mnunuzi wiki hii umuulize kuhusu mwezi wa nne, na wifi aende kwa daktari kabla hamjakata tiketi, sio baada. Ukishapata majibu hayo mawili nitumie tarehe, na unitumie jina la hiyo hoteli ya kijana wako, nitaiangalia kwenye ramani nikuambie huo mpunga wa dirishani upo au ulikuwepo siku ya picha tu.